Nauli Nafuu na Mapumziko ya Rubani

Mfanyabiashara wa samaki wakavu wa Mununga, katika mwambao wa mashariki wa Ziwa Mweru nchini Zambia, akitaka kwenda Lusaka hana njia ya mkato. Hana budi kushuka kusini hadi Nchelenge, kisha apite Mwansabombwe na Mwense mpaka Mansa, makao makuu ya Mkoa wa Luapula. Na akifika hapo bado ana mamia ya kilomita mbele yake. Kwa watu wa namna hiyo, tangazo kwamba shirika jipya la ndege litaanza kuchukua abiria kwa nauli ndogo ni habari njema, na hapana sababu ya kuwalaumu wakishangilia. Hata hivyo wako watu ambao kila mara hupokea habari hizo kwa tahadhari, nao si maadui wa maendeleo. Watu hao ni marubani.

Tahadhari yao mara nyingi haieleweki. Hudhaniwa kwamba rubani, kwa kuwa analipwa vizuri, hapendi kumwona mnyonge akipanda ndege. Ukweli ni kwamba rubani hana ugomvi na nauli ndogo. Anachouliza ni swali moja tu: je, fedha anayopunguziwa abiria imetolewa wapi?

Mfano ulio karibu ni wa shirika la Fastjet. Tarehe 29 Novemba 2012 shirika hilo lilianza safari za kutoka Dar es Salaam kwenda Mwanza na Kilimanjaro kwa ndege za Airbus A319, na nauli ya chini kabisa ilitangazwa kuwa shilingi 32,000 kabla ya kodi. Februari 2014 lilianza kwenda Lusaka pia. Watu ambao maishani mwao walikuwa wamezoea kulala ndani ya basi walijikuta wamefika Mwanza kabla chai ya asubuhi haijapoa.

Nauli ya namna hiyo haipatikani kwa miujiza. Shirika hutumia aina moja tu ya ndege, ili mafundi, vipuri na mafunzo yawe ya aina moja. Viti hubanwa, chakula huuzwa, mzigo hulipiwa mbali, na anayechelewa kununua tiketi hulipa zaidi. Juu ya yote hayo, ndege haikai chini, kwa sababu ndege iliyosimama uwanjani haileti fedha. Shirika la Southwest la Marekani, lililoanza kuruka mwaka 1971 katika jimbo la Texas, lilionyesha jambo hili mapema. Mwaka 1972 lililazimika kuuza moja ya ndege zake nne, likaendelea na ratiba ileile kwa ndege tatu zilizobaki kwa kuhakikisha kwamba kila ndege inashusha abiria, inapakia wengine na kuondoka katika muda wa dakika kumi.

Marubani hawakulipinga jambo hilo. Kwa hakika marubani wa Southwest wana chama chao tangu miaka ya 1970, na leo wamo katika kundi la marubani wanaolipwa vizuri nchini mwao. Mfano huu unastahili kukumbukwa, kwani unabomoa hoja ya wale wasemao kwamba nauli haiwezi kushuka mpaka mfanyakazi akamuliwe.

Ugomvi huanza pale ambapo akiba inatafutwa ndani ya chumba cha rubani. Katika nchi za Ulaya sheria hairuhusu rubani kuruka zaidi ya saa 900 kwa mwaka. Sheria iliwekwa iwe ukuta wa mwisho, lakini malalamiko ya marubani wengi wa mashirika ya nauli nafuu ni kwamba ukuta umegeuzwa kuwa shabaha. Rubani huamka saa tisa usiku, huruka na kutua mara nne kwa siku, na kesho yake huanza tena. Wengine hawaajiriwi moja kwa moja na shirika. Hupitia kwa wakala, na hulipwa kwa saa walizoruka tu. Mtu wa mkataba huo akiamka na homa ana mambo mawili ya kuchagua: kukaa nyumbani bila malipo au kwenda kazini na homa yake. Abiria aliyefunga mkanda kiti cha kumi na nne hana njia ya kujua ni lipi lililochaguliwa.

Madhara ya mambo haya yameonekana. Tarehe 12 Februari 2009 ndege ya shirika dogo la Marekani, Colgan Air, lililokuwa likiruka kwa niaba ya shirika kubwa la Continental, ilianguka karibu na mji wa Buffalo na kuua watu 50. Shirika hilo halikuwa la nauli nafuu kwa maana halisi, ila lilikuwa limepewa kazi hiyo kwa kuwa liliifanya kwa gharama ndogo. Wachunguzi walisema kosa lilitokana na jinsi nahodha alivyoendesha ndege ilipokuwa inapoteza mwendo. Lakini uchunguzi huohuo ulifichua kwamba rubani msaidizi, ambaye mshahara wake ulikuwa mdogo sana, alikuwa amesafiri usiku kucha kutoka upande wa pili wa nchi ili afike kazini. Mwaka uliofuata Bunge la Marekani lilipitisha sheria kali zaidi juu ya mafunzo na mapumziko ya marubani.

Kuna suala la mafuta pia. Mafuta ya ziada ni uzito, na kubeba uzito ni gharama. Kwa hiyo yako mashirika yanayopenda ndege ichukue kiasi kinachotakiwa na sheria na si zaidi. Julai 2012 ndege tatu za Ryanair, zilizoshindwa kutua Madrid kwa sababu ya mvua ya radi, zilielekea Valencia na zote zikatangaza hali ya hatari kwa kuwa mafuta yalikuwa yamepungua mno. Ilionekana baadaye kwamba sheria ilikuwa imefuatwa. Basi kama Ulaya, ambako viwanja vimejaa, mambo yaliweza kufika hapo, rubani wa Afrika ya Kati ana haki ya kutaka pipa moja la ziada. Uwanja wake wa pili wa kukimbilia uko mbali, na mvua za masika hazisomi ratiba.

Ni kweli, kwa upande mwingine, kwamba marubani nao hutetea maslahi yao. Vyama vyao vimewahi kupinga mashirika mapya kwa hoja za usalama hali fadhaa iliyokuwa moyoni ni ya mishahara. Msikilizaji makini atazipima hoja hizo moja moja. Hoja ya usingizi haipungui uzito kwa kuwa anayeitoa ana mshahara mzuri.

Hofu nyingine ya marubani, isiyotajwa sana, ni maisha mafupi ya mashirika haya. Rubani aliyefundishwa Boeing haruhusiwi kukaa kwenye usukani wa Airbus mpaka afunzwe upya na apasi mtihani, na mafunzo hayo ni ya maelfu ya dola. Fastjet yenyewe ilihama kutoka Airbus kwenda Embraer 190 mwaka 2016, na mwishoni mwa 2018, ikiwa imelemewa na madeni, Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya Tanzania ilichukua hatua dhidi yake na safari zikakoma. Zambia ilikuwa na kumbukumbu ya namna hiyo tangu zamani. Shirika la taifa, Zambia Airways, lilifilisiwa Desemba 1994, na shirika lenye jina hilo halikuruka tena mpaka Desemba 2021, lilipoanzishwa upya kwa ubia na Ethiopian Airlines. Rubani akikaa bila kuruka, hati yake hupoteza nguvu. Taifa lililotumia fedha kumsomesha humwona akienda kutafuta kazi nje.

Ndiyo maana marubani hutaka mwenye kutoa leseni aangalie mfuko wa shirika jipya kabla ya kuangalia rangi ya ndege zake: je, lina fedha za kulipia mafuta, matengenezo na mafunzo katika miezi ambayo viti vitakuwa vitupu? Nauli ya mwezi wa kwanza haijibu swali hilo.

Na mtu wa Mununga? Ndege kubwa ya nauli nafuu haiishi ila kwa kujaza viti zaidi ya mia moja, mara kadhaa kwa siku, katika viwanja vyenye lami ndefu. Kwa hiyo itakwenda Lusaka, Ndola na Livingstone, na hata Mansa itafikiriwa baadaye sana, ikifikiriwa. Mwambao wa Mweru utaendelea kutegemea barabara, na mgonjwa mahututi atategemea ndege ndogo kama zile za Huduma ya Madaktari wa Anga yenye makao yake Ndola. Ndege hizo nazo zinahitaji rubani mwenye uzoefu, naye ni yuleyule ambaye shirika jipya litamtafuta siku litakapoanza kuajiri.