Kombe au Medali: Tuzo Ipi Inalipa Kwenye Mashindano ya Bao, Drafti na Keram?

Mashindano ya vijiweni huendeshwa kwa michango. Wanakijiwe wanachanga, mwenye duka la jirani anaongeza kidogo, diwani akipatikana anatoa ahadi. Ikibaki wiki moja, mweka hazina anatumwa mjini kununua tuzo, na mara nyingi anarudi na makombe matatu yanayong'aa: kubwa, la kati na dogo. Mwaka unaofuata anatumwa tena kununua matatu mengine, wakati yale ya kwanza yamekwisha kubabuka rangi au kung'oka masikio huko yaliko.

Fedha zile zile zinaweza kununua heshima kubwa zaidi. Jibu langu nalitanguliza: kijiwe kisinunue makombe kila mwaka. Kinunue medali kila mwaka, na kombe moja zuri la kuzunguka litakalonunuliwa mara moja. Kama mfuko unatosha kitu kimoja tu, kiwe medali.

Kombe linatoa nini

Kombe linaonekana. Likiwekwa mezani tangu asubuhi ya mashindano, kila anayepita anajua kuna jambo. Bingwa akiliinua juu, picha inapatikana, na mfadhili anaona fedha yake ilikokwenda. Medali iliyolala mezani haina nguvu hiyo.

Kombe pia linabeba historia. Afrika Mashariki tunao mfano wa miaka mingi: Kombe la Gossage, lililoanza kushindaniwa mwaka 1926 kati ya Kenya na Uganda. Jina lilitokana na kampuni ya sabuni iliyolidhamini, na liliendelea kutajwa kwenye soka letu hadi mwaka 1966. Ndiyo mashindano yaliyokuja kuwa Kombe la Chalenji la CECAFA. Mfadhili mwenye duka au karakana mtaani kwenu aelezwe jambo hili. Fedha taslimu aliyoitoa itasahaulika jioni ile ile, lakini kombe lenye jina lake litatajwa kila mwaka linaposhindaniwa.

Udhaifu wa kombe ni bei, ukubwa na ubora. La bei nafuu kwa kawaida ni plastiki iliyopakwa rangi ya dhahabu, likiwa limeunganishwa vipande kwa boliti moja inayopita katikati hadi kwenye kitako. Boliti ikilegea, kombe linayumba. Rangi ikikutana na jua na jasho la mikono, inababuka. La chuma lenye kitako cha marumaru au mbao linadumu, ila ni zito na ghali. Fikiria pia safari: mchezaji aliyetoka wilaya nyingine atalipakata kombe ndani ya basi kwa saa kadhaa, kisha atalitafutia mahali kwenye chumba cha kupanga kilichojaa vitu tayari.

Medali inatoa nini

Medali ni ya mtu. Bao, drafti na sataranji ni michezo ya mtu mmoja dhidi ya mwingine, na mshindi anastahili kitu atakachokwenda nacho nyumbani na kubaki nacho. Medali inavaliwa shingoni siku ile, inaingia mfukoni wakati wa safari, na inaning'inia ukutani bila kuhitaji kabati. Kwa michezo ya wawili wawili kama dhumna, au keram inapochezwa kwa jozi, ubora wake unazidi kuonekana: kombe moja haligawanyiki, ila medali mbili zinawatosha wenzi bila maneno.

Faida nyingine ni kwamba medali zinaruhusu kutambua mambo ambayo kombe haliwezi. Kwenye bao, kila mchezaji huanza na kete 10 ubaoni na 22 mkononi. Anayemmaliza mwenzake wakati kete za mkononi bado hazijaisha amefanya kazi ya kifundi, na watazamaji wa bao wanajua kwamba ushindi huo wa mkononi si sawa na ushindi mwingine. Medali moja ya ziada kwa aliyeshinda mkononi katika hatua za mwisho inagharimu kidogo, na itazungumzwa kijiweni kwa muda mrefu. Medali nyingine inaweza kwenda kwa chipukizi bora, ili vijana waone kwamba mchezo wa wazee una nafasi yao.

Kwenye sataranji za shule, ambako kuna makundi ya umri na ya wasichana na wavulana, hakuna mjadala: medali. Makundi manne yenye washindi watatu kila moja ni tuzo 12, na makombe 12 yatameza bajeti yote pamoja na chakula cha watoto.

Asiwepo wa kuidharau medali kwa kuwa si dhahabu. Hata medali za dhahabu za Olimpiki zimetengenezwa kwa fedha na kupakwa dhahabu juu. Za dhahabu tupu zilitolewa kwa mara ya mwisho mwaka 1912. Thamani ya medali inatoka kwa walioshindwa kuipata.

Mshindi wa pili asisahaulike

Watafiti watatu wa Marekani, Victoria Medvec, Scott Madey na Thomas Gilovich, walichapisha mwaka 1995 utafiti uliotazama nyuso za washindi wa Olimpiki ya Barcelona ya 1992. Waliona kwamba washindi wa shaba walionekana wenye furaha kuliko wa fedha. Wa tatu anafikiri alivyonusurika kukosa kabisa, wa pili anafikiri alivyokosa ubingwa.

Kwenye mashindano yetu ya mtoano jambo hili linaeleweka haraka. Aliyeshika nafasi ya tatu ameshinda mchezo wake wa mwisho. Wa pili amefungwa fainali mbele ya mtaa mzima. Kumpa medali ya rangi nyingine peke yake hakumtoshi. Njia isiyo na gharama kubwa ni kuandika majina ya wote wawili wa fainali kwenye kibao cha kombe, bingwa juu na mpinzani wake chini. Hivyo kila atakayesoma atajua ubingwa ulipatikana kwa kumshinda nani.

Hesabu ya miaka mitano

Bei hubadilika kwa mji na kwa msimu, kwa hiyo nitatumia tarakimu za mfano, kwa shilingi za Tanzania. Weka bei za duka lako mahali pake. Mtiririko wa hesabu utabaki ule ule.

*Njia ya kwanza: makombe matatu ya plastiki kila mwaka.* Kubwa 35,000, la kati 25,000, dogo 18,000. Jumla 78,000 kwa mwaka, 390,000 kwa miaka mitano.

*Njia ya pili: medali tatu kila mwaka.* Kila moja 5,000 pamoja na utepe, na 1,000 ya stika ya katikati yenye jina la mashindano. Jumla 18,000 kwa mwaka, 90,000 kwa miaka mitano.

*Njia ya tatu: kombe la kuzunguka pamoja na medali.* Kombe la chuma 120,000 mara moja tu, na sanduku la kulitunzia 20,000. Kibao cha majina 5,000 kila mwaka, sawa na 25,000 kwa miaka mitano. Medali 90,000. Jumla 255,000, yaani 51,000 kwa mwaka.

Njia ya tatu inaokoa 135,000 ukilinganisha na ya kwanza. Kwa fedha hiyo kijiwe kinapata kahawa na kashata za mashindano, au mbao mpya za kuchezea. Na baada ya miaka mitano kinabaki na kombe lenye majina kumi, wakati wa njia ya kwanza wametawanya plastiki 15 kwenye nyumba za watu.

Ugumu wake uko mwaka wa kwanza, ambapo zinahitajika 163,000 kwa mkupuo. Kijiwe kichanga kisijikaze. Kianze na medali miaka miwili, kiweke akiba, kisha kitafute mfadhili wa kombe.

Kuhusu medali za kutengenezwa kwa nembo yenu: hizo zinahitaji kalibu, na kalibu inalipwa hata mkiagiza medali chache. Tuseme kalibu ni 200,000. Mkiagiza medali 40, kila moja imeongezeka 5,000 kabla hata chuma hakijamiminwa. Mkiagiza 200, ongezeko ni 1,000 tu. Kwa hiyo njia hii inafaa chama cha wilaya au vijiwe kadhaa vilivyoungana na kuagiza za miaka mingi bila kuandika mwaka kwenye kalibu. Mwaka uandikwe kwenye stika ya nyuma au kwenye utepe.

Kombe la kuzunguka linahitaji kanuni

Olimpiadi ya sataranji inaendeshwa kwa kombe la kuzunguka pamoja na medali. Kombe la Hamilton-Russell limeshindaniwa tangu Olimpiadi ya kwanza, London mwaka 1927. Nchi bingwa hulitunza hadi mashindano yanayofuata, na wachezaji hupewa medali zao. Hakuna sababu kijiwe cha Magomeni au Mombasa kisifuate utaratibu huo.

Lakini kanuni ziandikwe mapema. Nani analitunza, anasaini wapi, analirudisha lini, likivunjika nani anatengeneza. Amueni pia kama anayeshinda mara tatu atalichukua moja kwa moja. Brazil walipewa Kombe la Jules Rimet liwe lao baada ya kutwaa ubingwa wa dunia kwa mara ya tatu mwaka 1970. Likaibwa Rio de Janeiro mwaka 1983 na halikuonekana tena. Kwa kijiwe chenye mfuko mdogo nashauri kanuni hiyo ya mara tatu iachwe. Kombe libaki mali ya kijiwe, na fundi wa mara tatu atengenezewe medali maalumu.

Vipi kuhusu fedha taslimu?

Wachezaji wengi wataomba fedha, na hoja yao ina uzito: aliyeacha kazi siku nzima amepoteza kipato. Nauli na chakula cha wachezaji wa mbali vilipwe, kwa wote, si kwa mshindi peke yake. Ila fedha za ushindi zinaleta matatizo mawili. La kwanza, zinakwisha, na mwaka ukipita hakuna cha kumwonyesha mjukuu. La pili, viingilio vya wachezaji vikikusanywa kisha mshindi akavizoa, watu wengi, hasa Waislamu wa pwani, wanaihesabu hiyo kuwa kamari. Hapo mnapoteza wazee ambao ndio mafundi wenyewe. Tuzo iliyotolewa na mfadhili asiyecheza inapunguza ubishi huo.

Kama mna fedha ya ziada, nunueni kitu cha mchezo wenyewe. Ubao wa bao uliochongwa vizuri kwa mninga, wenye mashimo 32 na kete 64 za komwe zilizochaguliwa kwa ukubwa unaolingana, utachezewa kila jioni na bingwa pamoja na jirani zake.

Kabla ya kulipa dukani

Chukua sumaku ndogo. Medali ikiivuta sumaku, ni ya chuma cha kawaida, na kwa hewa ya chumvi ya pwani itapata kutu. Za aloi ya zinki hazivuti, na huwa nzito mkononi.

Likamate kombe kwenye kitako na ulitikise taratibu. Likicheza, kaza nati mbele ya muuzaji uone kama linatulia, lisipotulia, liache.

Angalia picha iliyoko. Maduka mengi, kuanzia Kariakoo, yamejaa makombe na medali zenye mcheza mpira. Fundi wa drafti hapigi danadana. Chagua zenye nafasi tupu katikati, mbandike picha ya ubao au nembo yenu.

Majina yachongwe kwa leza kwenye kibao cha chuma, maana stika ya karatasi hufifia. Usichonge kabla ya fainali, na mwombe mshindi aandike jina lake mwenyewe kwenye karatasi. Jina likikosewa herufi, tuzo nzima imeharibika.

Mwisho, kila tuzo iseme mambo manne: mchezo, mahali, mwaka, nafasi. Medali isiyo na mwaka wala mahali haiwezi kumtetea mwenyewe mbele ya anayebisha.

Kila kijiwe na mfuko wake

Mashindano ya mara moja, au kijiwe kinachoanza: medali tatu na ya nne ya chipukizi. Mashindano ya kila mwaka yenye wachezaji 16 hadi 32: kombe moja la kuzunguka na medali. Shule na watoto: medali tupu, nyingi iwezekanavyo kwa makundi yaliyopo. Mashindano baina ya timu za mitaa: kombe kwa mtaa, medali kwa kila mchezaji aliyeketi ubaoni. Na mfadhili anayetaka jina lake lionekane: aombwe kombe la chuma, lenye nafasi ya vibao 20 kwenye kitako, na asaini kanuni za kulitunza pamoja na katibu siku hiyo hiyo anapolikabidhi.