Kusomea Ubunifu wa Mavazi Italia: Mambo ya Kujua Kabla ya Kuchangia



Kamati kadhaa za parokia zimetuuliza swali moja kwa namna tofauti. Kijana wetu amemaliza mafunzo ya ushonaji, mkono wake ni mzuri, na sasa amepata barua ya kukubaliwa katika chuo cha mitindo ya mavazi nchini Italia, je, tumchangie? Wafadhili nao wameuliza kama michango yao inaweza kulipia ada ya namna hiyo. Tumeona ni vema tueleze kwa kirefu kidogo, kwa sababu barua ya kukubaliwa peke yake haisemi mengi, na kiasi kinachoandikwa chini yake kinaweza kuifanya familia iuze shamba.

Tuseme tangu mwanzo tunaloliona sisi. Gharama ya masomo haya hutegemea zaidi mlango anaoingilia mwanafunzi kuliko kipaji chake. Kuna mlango ambapo ada peke yake huzidi yuro 20,000 kwa mwaka, na kuna mlango mwingine ambapo mtoto wa familia maskini anaweza kusoma karibu bila ada. Anayetaka kupita mlango huo wa pili hana budi kujua Kiitaliano na kuandaa karatasi zake mapema, akiwa bado hapa nyumbani.

Kwa nini Italia

Jina la Italia katika mavazi si la zamani kama wengi wanavyodhani. Tarehe 12 Februari 1951, mfanyabiashara Giovanni Battista Giorgini aliwaalika wanunuzi kutoka Marekani nyumbani kwake Firenze, akawaonyesha nguo za mafundi wa Italia. Mwaka uliofuata maonyesho yalihamia katika Ukumbi Mweupe wa jumba la Pitti, na kuanzia miaka ya 1970 Milano ikawa ndiyo makao makuu ya biashara hiyo.

Lakini kinachomfaa mwanafunzi zaidi kipo nyuma ya majukwaa, katika miji midogo ambayo kila mmoja una kazi yake. Biella ni sufu, Como ni hariri, Carpi ni nguo za kufuma, Santa Croce sull'Arno ni ngozi, na mkoa wa Marche ni viatu. Prato, jirani na Firenze, ungewashangaza wauza mitumba wetu. Tangu karne ya 19 mafundi wa mji huo hununua nguo kuukuu za sufu, huzichambua kwa rangi, huzirarua zirudi kuwa nyuzi, kisha huzisokota upya na kufuma kitambaa kipya. Prato vilevile ina upande wa huzuni: tarehe 1 Desemba 2013 moto ulizuka katika kiwanda cha nguo ambacho wafanyakazi walikuwa wakilala humo humo, na Wachina saba wakafa. Anayekwenda kusomea mavazi Italia ajue kwamba lebo ya nchi hiyo huficha pia jasho la wahamiaji.

Hapo hapo Firenze kuna historia ambayo kamati zetu zitaipenda. Baada ya Vita Kuu ya Pili, Ndugu Wafransisko wa Basilika ya Santa Croce waliungana na familia mbili za mafundi wa ngozi, Gori na Casini, wakaanzisha Scuola del Cuoio, yaani shule ya ngozi, ili yatima wa vita wapate ufundi wa kujitegemea. Shule hiyo, iliyoanza mwaka 1950, ingali inafundisha ndani ya majengo ya watawa.

Milango miwili

Mlango wa kwanza ni vyuo vya binafsi. Ndivyo vyenye majina yanayosikika: Istituto Marangoni ya Milano, iliyoanzishwa mwaka 1935, Polimoda ya Firenze ya mwaka 1986, na vingine vya Milano na Roma. Wengi wa walimu wake hutoka viwandani, masomo mengi hutolewa kwa Kiingereza, na majengo yao yanavutia. Hatusemi kwamba ni vibaya. Tunasema kwamba kwa mwanafunzi asiye raia wa Umoja wa Ulaya ada katika baadhi yao huzidi yuro 20,000 kwa mwaka, kwa miaka mitatu, kabla hajala wala kulala. Aidha, kozi zake hazilingani kisheria. Baadhi zinatambuliwa na Wizara ya Vyuo Vikuu ya Italia na kutoa shahada kamili; nyingine hutoa cheti cha chuo chenyewe tu. Neno «Master» linachanganya hasa, kwani Italia si lazima liwe na maana ya shahada ya uzamili. Shahada ya uzamili ya huko huitwa laurea magistrale, nayo huchukua miaka miwili juu ya miaka mitatu ya laurea.

Mlango wa pili ni vyuo vikuu vya serikali na vyuo vya sanaa vya serikali viitwavyo Accademia di Belle Arti. Politecnico di Milano hufundisha ubunifu wa mavazi, kadhalika Iuav ya Venezia. Chuo Kikuu cha Bologna kina masomo ya mitindo katika tawi lake la Rimini, na karibu na Napoli kipo Chuo Kikuu cha Campania Luigi Vanvitelli. Hapa hata mwenye uwezo kwa kawaida halipi zaidi ya yuro elfu nne hivi kwa mwaka, na asiye na uwezo hulipa kidogo sana au halipi kabisa.

Darasani kazi hazitofautiani sana. Mwanafunzi huchora, hukata vielelezo vya karatasi kwa vipimo vya milimita, hujaribu umbo la nguo kwa kitambaa rahisi cha pamba (kile ambacho bibi zetu walikiita marekani), husoma historia ya mavazi, nyuzi na rangi, kisha hufanya mengi ya hayo kwa kompyuta. Fundi aliyezoea cherehani ya miguu huja na faida moja ambayo wenzake wengi wa Ulaya hawana: ameshawahi kumshonea mteja halisi anayelalamika.

Karatasi na lugha

Italia humtaka mwombaji wa chuo kikuu awe amesoma angalau miaka 12 kabla ya chuo. Kwa Tanzania, aliyeishia kidato cha nne katika mfumo wa miaka saba ya msingi ana miaka 11, kwa hiyo hatoshi. Wa kidato cha sita ana 13. Mkenya wa mfumo wa 8-4-4 ana 12 kamili. Cheti cha ushonaji cha VETA, hata kiwe cha daraja la juu, hakifungui mlango wa chuo kikuu cha serikali. Huyu atapokelewa katika kozi fupi za binafsi tu, na hapo ndipo barua nyingi za kukubaliwa zinapotoka. Kamati ikiona barua, iulize kwanza: ni kozi gani, inatambuliwa na wizara, na fedha ya kujiandikisha inarudishwa visa ikikataliwa? Majibu yawe kwa maandishi.

Anayestahili hujiandikisha kwanza kupitia mtandao wa serikali uitwao Universitaly, kisha huomba visa ya muda mrefu ya aina ya D katika ubalozi wa Italia, iwe Dar es Salaam, Nairobi, Kampala au Kinshasa. Vyeti vya shule vinahitaji tafsiri ya Kiitaliano na uthibitisho wa thamani yake. Lazima aonyeshe pia mahali pa kulala, bima ya afya na fedha za kujikimu, ambazo kwa mwaka huzidi yuro 6,000. Kazi hii huchukua miezi. Anayeanza Agosti kwa masomo ya Oktoba amechelewa.

Lugha ndiyo inayowaangusha wengi. Shahada ya kwanza katika vyuo vya serikali hutolewa zaidi kwa Kiitaliano, na kiwango kinachotakiwa kwa kawaida ni B2, yaani kufuata mhadhara na kuandika bila kusaidiwa. Mwaka mmoja wa kujifunza kwa bidii si mwingi. Kwa maoni yetu, parokia yenye fedha kidogo ingefanya vema kumlipia kijana mwaka huo wa lugha hapa hapa kuliko kumlipia muhula mmoja wa ada ng'ambo. Akishindwa kuendelea, hasara ni ndogo, na Kiitaliano chake hakitamwozea.

Posho ya mkoa

Sasa tufike kwenye jambo ambalo familia nyingi hazilijui. Kila mkoa wa Italia una posho ya masomo kwa wanafunzi wenye kipato kidogo, iitwayo diritto allo studio, maana yake haki ya kusoma. Si ya Waitaliano peke yao. Mwanafunzi kutoka Afrika huomba kwa masharti ya kipato yale yale. Anayeipata husamehewa ada ya chuo, na akiwa ametoka mbali anaweza kupata jumla ya takribani yuro 7,000 kwa mwaka, sehemu yake ikiwa kitanda katika bweni na chakula cha mgahawa wa wanafunzi.

Ili kuipata, familia hufanyiwa hesabu ya uwezo iitwayo ISEE parificato. Hapo huhitajika hati inayotaja watu wote wa kaya, kipato chao cha mwaka, nyumba na akiba walizo nazo, zikiwa zimetafsiriwa na kuthibitishwa. Mkulima wa mihogo asiye na hati ya mshahara hufanyaje? Huanzia kwa mtendaji wa kijiji, hupanda wilayani, kisha Wizara ya Mambo ya Nje na ubalozini. Ni safari ndefu yenye nauli nyingi, na hapa katibu wa kamati ya parokia anayejua kuandika barua na kufuatilia mihuri ana thamani kuliko bahasha ya mchango.

Posho hiyo ina miba yake. Katika baadhi ya mikoa, miaka mingine, fedha huisha kabla orodha ya waliostahili haijaisha. Fedha taslimu huja kwa awamu, miezi kadhaa baada ya masomo kuanza. Kwa hiyo kijana hula nini kati ya Septemba na Januari? Hilo ndilo pengo ambalo mchango wa parokia unaliziba sawasawa. Tena, mwanafunzi wa mwaka wa kwanza asipofaulu angalau krediti 20 kati ya 60 ndani ya muda uliowekwa, hunyang'anywa posho na hudaiwa alichokwisha kupokea. Mfadhili aombe kuona matokeo bila kuona haya.

Maisha ya huko

Akishafika, ana siku nane za kazi kuomba kibali cha kuishi kupitia posta, kwa gharama inayozidi yuro 100. Kukihuisha baada ya mwaka wa kwanza lazima awe amefaulu angalau mtihani mmoja, na miaka inayofuata angalau miwili. Kujiunga na huduma ya afya ya taifa kwa hiari kulipandishwa mwaka 2024 hadi yuro 700 kwa mwaka kwa wanafunzi. Kabla ya hapo ilikuwa karibu yuro 150, na maelezo mengi ya zamani bado yanataja hiyo ndogo.

Nyumba ni mzigo mkubwa zaidi, hasa Milano, ambako chumba cha mtu mmoja kinaweza kufika yuro 600 au 700 kwa mwezi. Mei 2023 mwanafunzi mmoja wa Politecnico alipiga hema mbele ya chuo kulalamikia kodi za nyumba, na wenzake wa miji mingine wakamfuata. Hao walikuwa Waitaliano wenye wazazi karibu! Rimini au Napoli maisha ni nafuu kuliko Milano. Sheria humruhusu mwanafunzi kufanya kazi saa 20 kwa wiki, lakini masomo ya ubunifu hula mikono usiku kucha. Asitegemee kulipa ada kwa kuosha vyombo.

Baada ya masomo huja mafunzo ya kazini, ambayo mara nyingi hulipwa mamia machache tu ya yuro kwa mwezi. Mhitimu wa chuo kinachotambuliwa anaweza kuomba kibali cha kutafuta kazi cha hadi miezi 12. Nafasi si rahisi, na kwa mtu mweusi ni ngumu zaidi. Mwaka 2020 wabunifu Stella Jean, mzaliwa wa Roma mwenye mama kutoka Haiti, na Edward Buchanan wa Marekani walikiuliza hadharani chama cha mitindo cha Italia kama maisha ya watu weusi yana thamani katika mavazi ya Italia. Septemba 2021 Joy Meribe, mzaliwa wa Nigeria, alifungua Wiki ya Mitindo ya Milano.

Wapo pia wanaofanya kazi kati ya pande mbili. Tangu mwaka 2009 mpango wa Kituo cha Biashara cha Kimataifa (ITC), ukiongozwa na Mwitaliano Simone Cipriani, umewaunganisha mafundi wa Nairobi na nyumba kubwa za mitindo za Ulaya, ikiwamo ya Vivienne Westwood. Kazi kama hiyo humhitaji mtu anayeelewa lugha ya mnunuzi na shida ya fundi. Kijana atakayerudi Tanzania kutafuta ajira rasmi au kufundisha atatakiwa kupeleka shahada yake Tume ya Vyuo Vikuu (TCU) itathminiwe, na hapo ndipo kozi isiyotambuliwa na wizara ya Italia huleta matatizo.

Matangazo ya posho za mikoa hutolewa zaidi kati ya Juni na Julai, na mengi hufungwa Agosti au Septemba. Kamati yenye kijana wa kidato cha sita mwaka huu iulizie sasa darasa la Kiitaliano.