Mzazi Aliyeketi Nyuma

Maktaba ya umma inapoandaa saa ya hadithi kwa watoto ambao hawajafikia umri wa kwenda shule, anayeonekana kuhudumiwa ni mtoto: mkeka hutandikwa kwa ajili yake, vitabu vya picha huchaguliwa kwa kufuata umri wake, na mkutubi humkabili yeye anaposimulia. Hata hivyo, hesabu ndogo inatosha kuonyesha kwamba mkutubi anayekutana na mtoto kwa nusu saa mara moja kwa wiki hawezi kumjengea lugha, hata awe na ufundi wa namna gani, kwa kuwa saa nyingine zote mtoto huyo yuko mikononi mwa mama, baba, bibi au dada wa kazi. Ndiyo maana wakutubi wa watoto, hasa nchini Marekani na Uingereza, wamelihamisha lengo lao polepole katika miaka 40 hivi iliyopita, na sasa humhesabu mzazi aliyeketi nyuma ya mwanawe kuwa ndiye mwanafunzi wao mkuu.

Saa ya hadithi yenyewe ni desturi ya zamani. Ilienea katika maktaba za miji ya Marekani mwanzoni mwa karne ya 20, ikikusudiwa watoto waliokwisha kuanza shule, na hata ilipopanuliwa ili iwapokee wenye umri wa miaka 3 hadi 5, mara nyingi mama alimkabidhi mtoto mlangoni akaenda kungoja penginepo, kwa kuwa kutengana naye kwa muda mfupi kulihesabiwa kuwa sehemu ya maandalizi ya shule. Mambo yalianza kubadilika katika miaka ya 1980, wakutubi walipozidi kuwaalika hata watoto wachanga, kwani mtoto wa miezi 10 haachwi mlangoni; hupakatwa. Mzazi, kwa hiyo, aliingia ukumbini kwa kulazimika tu, na nadharia ikaja kumfuata ndani na kueleza kwa nini kuwapo kwake kulikuwa na faida.

Nadharia hiyo imejengwa juu ya misingi ya kusoma, yaani mambo ambayo mtoto huyapata kabla hajafundishwa kusoma kwenyewe: kujua namna kitabu kinavyoshikwa na kurasa zinavyofunuliwa, kutambua kwamba kinachosomwa ni maandishi wala si picha, kusikia kwamba neno lina vipande vya sauti vinavyoweza kutenganishwa, na kuwa na msamiati wa kutosha ili neno litakaposomwa liwe tayari lina maana kichwani. Mwaka 2004 vitengo viwili vya Chama cha Maktaba cha Marekani, kimoja cha maktaba za umma na kingine cha huduma za maktaba kwa watoto, vilitoa mpango uitwao Every Child Ready to Read, ambao uliwataka wakutubi wawaeleze wazazi stadi 6 za namna hiyo. Toleo la pili lilipotoka mwaka 2011, mahali pa stadi hizo palitangulizwa vitendo 5 ambavyo hakuna mzazi asiyevifahamu: kuzungumza, kuimba, kusoma, kuandika na kucheza. Badiliko hilo linastahili sifa kubwa kuliko linavyopewa, kwa maana mzazi akiambiwa akuze utambuzi wa sauti za lugha kwa mtoto wake hajui aanzie wapi, lakini akiambiwa aimbe anaweza kuanza pale pale alipo, na wimbo ukafanya kazi ile ile, kwa kuwa katika kuimba silabi huvutwa na kutenganishwa, na mtoto akasikia jinsi neno lilivyoundwa.

Kikao cha kawaida huwa kifupi, kwa watoto wadogo sana pengine dakika 20 tu, na mara nyingi hufunguliwa kwa wimbo ule ule wa kusalimiana kila wiki ili mtoto ajue kinachofuata. Husomwa vitabu 2 au 3, na kati ya kitabu na kitabu huwekwa nyimbo za kupiga makofi na michezo ya vidole, kisha watoto huachiwa wacheze huku watu wazima wakizungumza wao kwa wao. Mtoto anayeinuka na kuzungukazunguka hafukuzwi, kwa kuwa masikio yake yangali yanasikiliza. Katikati ya hayo mkutubi huchomeka maneno machache anayowaelekezea wakubwa: kwamba amekawia makusudi kufunua ukurasa ili watoto wabahatishe kitakachotokea, kwamba amefuatisha kichwa cha kitabu kwa kidole ili maandishi yaonekane, au kwamba kurudia kitabu kimoja jioni 10 mfululizo hakumdumazi mtoto, maana anachokitafuta ni kule kujua mapema. Maneno hayo yakizidi, kikao hugeuka semina, na mama aliyekuja kujiburudisha na mwanawe hujiona amekalishwa darasani, wala harudi tena. Mkutubi hodari husema jambo moja, akalionyesha kwa kitendo, akaendelea na hadithi.

Jambo linalorudiwa zaidi katika mafunzo hayo ni kwamba namna ya kusoma ina uzito kuliko wingi wa kusoma. Mwaka 1988 mwanasaikolojia Grover Whitehurst na wenzake, katika jimbo la New York, walichapisha utafiti juu ya njia inayoweza kuitwa usomaji wa kujibizana, ambapo mtu mzima hamsomei mtoto moja kwa moja hadi mwisho, bali humuuliza maswali yasiyojibika kwa ndiyo au hapana, hupokea jibu lake, hulipanua kwa maneno machache zaidi, na kumwacha awe msimulizi kadiri anavyokua. Wazazi wa kundi moja walifundishwa njia hiyo, wa kundi la pili wakaendelea kusoma kwa mazoea yao, ilhali makundi yote mawili yalisoma mara karibu sawa. Baada ya wiki 4 watoto wa kundi la kwanza waliwapita wenzao waziwazi katika lugha ya kusema, na tofauti hiyo, ingawa ilipungua, ilikuwa bado ipo miezi 9 baadaye. Msomaji wa Kiswahili anaweza kuona kwamba ugeni wa njia hiyo uko kwenye kitabu tu, kwa sababu ngano za Pwani haziendi bila wasikilizaji kuitikia, na kitendawili hakitegwi mpaka mwenzio akubali kutegewa. Huenda ni hadhi ya kitabu, kinachonukia darasa na mtihani, inayomfanya mzazi yule yule aliyezoea kuitikiwa ashike kitabu na kumtaka mtoto anyamaze.

Mbinu hizi zote, hata hivyo, humfaa mzazi aliyekwisha kufika maktaba, na anayehitaji msaada zaidi mara nyingi ndiye asiyefika. Mpango wa Bookstart, ulioanzishwa Birmingham nchini Uingereza mwaka 1992 kwa familia 300, ulijaribu kumfuata kwa kutumia mahali ambapo karibu kila mtoto hupelekwa: wauguzi wa afya ya watoto waliwapa wazazi mfuko wenye kitabu pamoja na mwaliko wa kujiunga na maktaba, wakati mtoto alipofanyiwa uchunguzi wa afya akiwa na umri wa miezi 9 hivi. Mpango huo ulikua ukaenea nchini kote, na serikali ilipotangaza Desemba 2010 kwamba itaufutia fedha upande wa Uingereza yenyewe, kelele za waandishi na wazazi ziliifanya ilegeze uamuzi huo baada ya siku chache tu. Upande wa pili kuna vizuizi ambavyo maktaba zimejiwekea zenyewe. Chicago, ilipoondoa faini za ucheleweshaji mwezi Oktoba 2019, ilieleza kwamba kama moja ya tano ya kadi zilizozuiwa zilikuwa za watoto wa miaka 14 au chini yake, maana yake ni kwamba mzazi aliyeshindwa kulipa alikuwa amemfungia mtoto mlango bila kukusudia.

Wala isidhaniwe kwamba kufika kunamaliza kazi. Uchambuzi uliokusanya tafiti nyingi za usomaji wa kujibizana, uliochapishwa mwaka 2008 na watafiti wa Chuo Kikuu cha Leiden, uligundua kwamba manufaa yake yalikuwa madogo zaidi kwa watoto wa familia zenye hali ngumu, yaani wale wale ambao mipango hii huwataja kwanza inapoomba fedha.

Sehemu ya tatizo ni lugha. Pura Belpré, mzaliwa wa Puerto Rico aliyeajiriwa na Maktaba ya Umma ya New York mwaka 1921 katika tawi la Harlem, hakuzikuta rafuni ngano alizosimuliwa utotoni, akaanza kuzisimulia mwenyewe kwa Kihispania na Kiingereza, akatengeneza na vikaragosi, na mwaka 1932 moja ya ngano hizo ikachapishwa kuwa kitabu cha watoto. Wazazi wahamiaji walioona maktaba kuwa mahali pa wenyewe walipata sababu ya kuingia, na tangu mwaka 1996 tuzo yenye jina lake hutolewa kwa vitabu vya watoto vinavyohusu maisha ya jamii zenye asili ya Amerika ya Kilatini. Wakutubi wa leo huwashauri wazazi kama hao wasome na kuzungumza kwa lugha wanayoimudu vizuri, kwa sababu msamiati mpana wa lugha ya nyumbani humsaidia mtoto anapoingia lugha ya shule, na asiyejua kusoma kabisa huonyeshwa jinsi ya kuzieleza picha kwa maneno yake mwenyewe.

Ushauri huo hauna nguvu pasipo vitabu vya lugha hizo, na hapo Afrika imepata njia yake. African Storybook, mradi wa shirika la elimu la Saide la Afrika Kusini ulioanza kufanya kazi mwaka 2014, huweka mtandaoni hadithi fupi zenye picha katika lugha nyingi za bara hili, Kiswahili kikiwamo, kwa leseni inayoruhusu mtu yeyote kuzisoma, kuzitafsiri na kuzichapa bila kulipa. Maktaba ndogo yenye kompyuta na mashine ya kuchapia inaweza kutoa nakala kadhaa za hadithi moja na kuzibana kwa pini, na kwa kuwa kila nakala hugharimu karatasi na wino tu, mkutubi hana tena sababu ya kumnyima mzazi kitabu kwa kuhofia kwamba mtoto wa mwaka mmoja atakitafuna.