Elimu na Sifa za Mshauri Elekezi wa Elimu Nchini Tanzania

Makala haya yanafafanua elimu na sifa zinazomstahilisha mtu kutoa ushauri elekezi wa elimu nchini Tanzania. Suala hili lina uzito kwa kuwa jina la mshauri wa elimu halina ulinzi wa kisheria kama lile la mhandisi mshauri, ambaye husajiliwa chini ya Sheria ya Usajili wa Wahandisi ya mwaka 1997. Sheria Na. 6 ya mwaka 2018, iliyounda Bodi ya Kitaalamu ya Walimu, ililenga taaluma ya ualimu. Hivyo, jukumu la kupima sifa za mshauri humwangukia anayemwajiri, iwe ni shule, halmashauri au asasi.

Kwanza, ni muhimu kutenganisha dhana. Katika elimu, neno "mshauri" hubeba maana zisizopungua tatu. Mtoa ushauri nasaha humhudumia mwanafunzi, na msingi wa kazi yake ni saikolojia na unasihi. Wakala wa vyuo vya nje huwaunganisha waombaji na vyuo hivyo. Mshauri elekezi huihudumia taasisi katika mitaala, uongozi, upimaji au tathmini ya miradi.

Kwa huyu wa tatu, shahada ya kwanza ya elimu, ambayo kwa kawaida huchukua miaka 3, ni msingi tu. Shahada ya uzamili humpa ubobezi katika eneo mahususi pamoja na stadi za utafiti. Uzamivu huhitajika zaidi pale kazi inapodai maarifa mapya. Hata hivyo, shahada hizo hazithibitishi kwamba mhusika amewahi kuongoza shule yenye upungufu wa walimu. Pengo hilo huzibwa na uzoefu wa kazi pamoja na mafunzo ya uongozi na uthibiti ubora wa shule, kama yale yanayotolewa na ADEM, Bagamoyo.

Kwa mantiki hiyo, kigezo kikuu ni uwiano kati ya sifa na kazi. Shule ambayo wanafunzi wake wa madarasa ya mwanzo hawajui kusoma inamhitaji mtu aliyefundisha na kupima stadi hiyo, hata kama hana uzamivu, kuliko mtaalamu wa uchumi wa elimu. Aidha, mwajiri anapaswa kudai ripoti za kazi zilizotangulia na kuhoji kilichobadilika baada yake. Ushauri ukikosewa, wanaoumia ni wanafunzi, ambao hawakushirikishwa katika kumchagua mshauri.