Soya ya nguruwe na kuku: moto kwanza, kinu baadaye



Kabare na Walungu, wengi wenu mnalima soya na mnafuga nguruwe ao kuku. Basi swali linarudi kila msimu: kama soya iko nyumbani, juu ya nini kununua chakula cha duka? Ni swali la maana. Soya ina protini karibu 36 hadi 40 kwa mia. Maindi kwa kawaida haifiki hata 10. Lakini mtu anasaga soya mbichi, anachanganya na maindi, nguruwe anakula na hakui. Mwenyewe anakata tamaa, anauza soya yote.

Sababu ni hii: soya mbichi ina kitu kinachozuia tripsini, ile maji ya tumbo inayovunja protini. Protini nyingi inatoka na mavi, mmeilima bure. Kuku na sungura wana shida ile ile, hata farasi, ijapokuwa huku kwetu hatumuoni. Ng'ombe na mbuzi wakubwa, kwa kuwa wanacheua, wanavumilia zaidi.

Moto unaua kizuizi hicho. Sisi tunapendelea kuchemsha: loweka usiku mmoja, mwaga maji, weka mapya, hesabu nusu saa tangu yachemke. Anika mpaka ikauke kabisa, ndipo usage. Inakula kuni, tunajua. Mpike nyingi mara moja, hata nyumba mbili tatu pamoja. Kukaanga kunaenda mbio lakini kunadanganya: ganda linaungua, ndani bado mbichi. Moto uwe mdogo, koroga bila kuacha, pasua mbegu uangalie ndani. Ikigeuka nyeusi, umeunguza lisini, na ndiyo maindi inakosa.

Mkiwa na mashaka, tia vijiko viwili vya unga wa soya ndani ya chupa, kijiko kidogo cha mbolea ya urea na maji ya vuguvugu. Funga, ngoja dakika 20, fungua. Ikinuka amonia kali, kama mkojo wa zamani, soya haijaiva. Unga huo mutupe mbali: urea inaweza kuwa sumu kwa mifugo.

Kwa nguruwe anayekua, kilo 2 za soya iliyoiva katika kilo 10 za mchanganyiko zinatosha kuanza; inayobaki ni maindi, pumba, na chumvi kidogo. Musage ya wiki moja tu, kwani ule unga una mafuta mengi na unachacha upesi.