Hofu ya Soko na Jamaa Zake

Mwaka 1871 daktari Mjerumani Carl Westphal, wa mjini Berlin, alieleza habari za wanaume watatu ambao, ingawa walikuwa na akili timamu, hawakuweza kuvuka uwanja wa wazi pasipo kutetemeka kwa woga. Hali hiyo aliiita agorafobia, kutokana na maneno mawili ya Kiyunani: agora, yaani soko au uwanja wanapokutana watu, na phobos, yaani hofu. Kwa tafsiri ya neno kwa neno, basi, ni hofu ya soko.

Mkazi wa Dar es Salaam hataona ajabu kusikia kwamba soko laweza kuogopwa. Kariakoo, eneo lililopata jina lake kutokana na kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza katika Vita Kuu ya Kwanza, huwapa riziki maelfu ya watu, na Mtaa wa Kongo hujaa hata bega husugua bega. Kwa wengi msongamano huo ni kero tu. Lakini wapo ambao wakifika hapo moyo huwaenda mbio, pumzi huwapaa, vidole hufa ganzi, na wazo moja huwashika: nikianguka hapa, nitatokaje? Kinachoogopwa si soko lenyewe, bali ni kukosa njia ya kutoka na mtu wa kusaidia. Ndiyo maana mtu huyo huyo huogopa basi lililojaa, foleni ndefu, na hata uwanja mtupu. Kwake uwanja wa Berlin na Mtaa wa Kongo ni kitu kimoja.

Fobia isichanganywe na hofu ya umma. Mwaka 1995 hofu ya popobawa ilienea Pemba na Unguja, na watu wakalala nje kwa makundi. Hao waliamini kwamba hatari ipo kweli. Mwenye fobia, kinyume chake, aghalabu anajua kuwa hofu yake haina msingi, na bado haimtii. Kumwambia "acha uoga" ni kumwambia jambo alilokwisha kujiambia mara mia.

Sababu ni kwamba hofu haingojei fikra. Ndani ya ubongo, kila upande, kuna kijisehemu chenye umbo la lozi kiitwacho amigdala. Hicho hupokea dalili ya hatari na kuuamsha mwili kabla mtu hajatafakari: adrenalini humwagika katika damu, moyo hupiga kwa nguvu, na mapafu huhema upesi. Mtu akihema kupita kiasi bila kukimbia wala kupigana, kaboni dioksaidi hupungua katika damu yake, na upungufu huo huleta kizunguzungu na ganzi ya vidole. Yeye hudhani moyo unasimama. Dhana hiyo humtia hofu zaidi, naye huzidi kuhema.

Hofu hujifunzwa. Mwaka 1920, huko Marekani, John Watson na Rosalie Rayner walimwonyesha mtoto mchanga panya mweupe huku wakigonga chuma kwa kishindo nyuma yake. Baada ya kurudia mara kadhaa, mtoto alimwogopa panya bila kishindo, kisha akamwogopa na sungura. Jaribio hilo leo lisingeruhusiwa, na ni haki lisiruhusiwe. Hata hivyo, si kila kitu hufundishika kwa urahisi sawa. Katika miaka ya 1980 Susan Mineka na wenzake waliwaonyesha kima waliolelewa maabara picha za sinema za wenzao wakiogopa nyoka. Walijifunza hofu hiyo upesi. Filamu ilipotengenezwa ili ionekane kwamba kinachoogopwa ni maua, hawakujifunza. Yaelekea viumbe hurithi wepesi wa kuogopa vitu vilivyowadhuru wahenga wao.

Huenda hapo pana ufunguo wa fobia zinazochekwa zaidi. Wako wasioweza kutazama sega la asali, kwa kuwa vitundu vingi vilivyokaribiana huwasisimua mwili. Mwaka 2013 watafiti Geoff Cole na Arnold Wilkins, wa Uingereza, walidokeza kwamba taswira hizo hufanana na mabaka ya wanyama wenye sumu. Wengine huona kuwa ni kinyaa cha magonjwa ya ngozi. Hofu ya damu ni ya ajabu zaidi. Mbele ya bucha, mwenye hofu hiyo moyo wake hupanda kidogo, kisha mapigo na msukumo wa damu huporomoka, naye huzirai. Mwenye agorafobia huogopa kuanguka na kwa kawaida haanguki; huyu huanguka kweli. Kwa hiyo hufundishwa kukaza misuli ya mikono, kifua na miguu ili kupandisha msukumo wa damu.

Kinachoidumisha hofu ni kukwepa. Anayegeuza njia Mtaa wa Msimbazi hupata nafuu papo hapo, na nafuu hiyo huufundisha ubongo kwamba kukimbia ndiko kulikomwokoa. Kesho atageukia Mnazi Mmoja, na mwishowe hatoki nyumbani. Mfanyabiashara hupoteza biashara yake, mwanafunzi shule yake. Na agorafobia aghalabu huanza mwishoni mwa ujana au muda mfupi baadaye.

Tiba hufuata njia iliyo kinyume, kwa hatua. Mwaka 1924 Mary Cover Jones alimwondolea mtoto hofu ya sungura kwa kumsogeza mnyama polepole wakati mtoto akila. Kwa Kariakoo, mgonjwa angeanza na Mnazi Mmoja asubuhi na mapema, akifuatana na mtu anayemwamini. Siku nyingine Msimbazi. Baadaye Kongo, saa ya watu wengi. Katika kila hatua hukaa mpaka ajionee kwamba anachokihofia hakikutokea. Mwanafunzi anayesukumwa na wenzake kwa mzaha katikati ya umati, kisha akatoroka, hajatibiwa. Ameongezewa somo la hofu. Hofu ikishazuia masomo au kazi, daktari wa magonjwa ya akili, kama wale wa Hospitali ya Taifa ya Muhimbili, huweza kuongoza hatua hizo na, ikibidi, kuongeza dawa.