Mfuko Uwafaao Senene

Msimu wa Novemba ukiisha, senene wa Nshamba huwekwa akiba. Senene aliyekaangwa akakauka vizuri haharibiwi upesi na vijidudu, kwani hana maji ya kuviotesha. Adui wake ni hewa: mafuta yaweza kufika karibu nusu ya uzito wake mkavu, nayo yakikutana na oksijeni na mwanga hunuka na kuwa machungu.

Mfuko mwangavu tuuitao wa nailoni kwa kawaida ni wa polithini. Huzuia unyevu vizuri, lakini oksijeni huupenya. Na uangavu uleule unaomvutia mnunuzi ndio unaoingiza mwanga.

Mfuko bora una tabaka tatu: poliesta nje, ya kuchapiwa maandishi, alumini katikati, ya kuzuia hewa na mwanga, polithini ndani, ya kuyeyushwa kwa joto ili mdomo ufungike. Hata hivyo, hewa iliyofungiwa ndani huendelea na kazi yake. Viwandani huondolewa kwa kupuliza naitrojeni, maana kuinyonya yote kungewavunjavunja senene.

Tabaka hizo ni ghali, wala hazitenganishwi kwa urahisi ili ziyeyushwe upya. Kwa mtengenezaji mdogo napendekeza kwanza mfuko mdogo, wa kumtosha mlaji mara moja, ujazwe hadi karibu na mdomo, ukae gizani ndani ya boksi.